Mwenye ndege, rubani na bosi wote mtu mmoja: sasa nani atamwambia leo haturuki?

Naomba tuongelee kiti kimoja tu, kile cha kulia pale mbele kwenye ndege ndogo. Waliowahi kupanda zile Caravan za kwenda Mafia wanakijua, maana ndege ikijaa abiria mmoja anaambiwa apande mbele akae pembeni ya rubani, na mimi nishakaa hapo mara mbili, mikono nimeikunja mapajani naogopa hata kugusa kitu. Ukikaa pale ndo unaona kazi ya rubani aliye peke yake ilivyo. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unapunguza moto wa injini, sikio liko kwa watu wa mnara, macho yanahama toka kwenye saa za mbele, vile vipimo vya ndege, kwenda dirishani na kurudi, na hapohapo anatakiwa afuate ile karatasi ya ukaguzi, hiki nimewasha, kile nimezima, hiki bado. Mara ya pili niliyokaa pale mvua ilikuwa imefunga kabisa upande wa kisiwa, rubani kijana tu, akaongea na ofisini kwao kwa redio, akageuza, tukarudi Dar. Abiria walilalamika sana, kuna mmama alikuwa anawahi msiba akawa analia. Yule kijana hakubishana na mtu, alisema tu samahanini sana, utaratibu wa kampuni hauruhusu, akashuka.

Siku ile nilimuona kama mwoga. Leo baada ya kusoma ripoti nyingi za ajali za wenzetu Marekani nimeelewa kwamba kijana yule alikuwa peke yake kwenye ndege lakini hakuwa peke yake kwenye uamuzi, na hapo ndo kwenye kiini cha ninachotaka kusema.

Kuna aina ya matajiri, sio mabilionea wakubwa wale wenye ndege za marubani wawili na mhudumu, nazungumzia mwenye kampuni yake ya kati, daktari, mfanyabiashara, ambaye ananunua jeti ndogo na kuirusha mwenyewe, bila rubani msaidizi. Sheria inaruhusu. Cessna, watengeneza ndege wa Marekani, walishaleta jeti yao ya Citation ya rubani mmoja tangu 1977, alafu 2006 zikaja Mustang na Eclipse 500, 2008 ikaja Phenom 100 ya Wabrazil, na 2016 ikapata kibali Vision Jet ya Cirrus yenye injini moja na parashuti ya ndege nzima. Ni ndege nzuri, sibishi. Nyingi zinapanda futi 40,000 huko, spidi yake mara mbili au tatu ya ndege ya pistoni, yenye injini kama ya gari, aliyojifunzia mwenyewe, na zimetengenezwa ili mtu mmoja aziweze.

Lakini angalia sheria zenyewe zinavyopishana. Marekani, mtu anayetaka kukaa kiti cha kulia kwenye ndege ya abiria ya shirika, pembeni ya kapteni mzoefu, kwa kawaida anatakiwa awe na saa 1,500 za kuruka. Mwenye jeti yake anayekaa peke yake kiti cha kushoto, sheria haimpangii idadi ya saa namna hiyo, anatakiwa awe na leseni, awe na kibali cha kuruka kwenye mawingu kwa kuangalia saa za mbele tu, afaulu mtihani wa aina ile ya ndege, na kila mwaka apimwe tena. Anayemuuliza umesharuka saa ngapi ni kampuni ya bima, sio serikali. Na ndege ya kukodi ina saa za kupumzika za lazima kwa rubani, ya kwako mwenyewe haina, ukiamka alfajiri ukashinda kazini alafu usiku ukaamua kuruka ni wewe na roho yako, wewe na watoto wako waliokaa nyuma.

Wapo watakaonijibu kwa methali, nahodha wengi chombo huenda mrama. Sawa, lakini hebu tuitazame hiyo bahari yenyewe tulikotoa methali. Kwenye jahazi mwenye chombo ni mtu mwingine, mara nyingi amebaki zake mjini, nahodha ni mwingine, serehangi, mkuu wa mabaharia, ni mwingine, na rubani, hilihili neno tulilolipeleka angani, ndo yule anayejua njia ya kuingilia bandarini, wapi pana mwamba na wapi maji ni haba. Nahodha ni mmoja, ndio, ila mabaharia wako pale na macho yao. Hakuna aliyesema nahodha mmoja maana yake chombo kizima kiwe na mtu mmoja. Kwenye jeti ya mwenye kuirusha mwenyewe hawa wote wamekuwa mtu mmoja, mwenye chombo, nahodha, rubani, baharia, na juu yake ni baba wa familia na ndo aliyewaalika wageni. Nani amkatalie?

Chukua ajali ya Cleveland, Marekani. Tarehe 29 Desemba 2016 mfanyabiashara mmoja wa Columbus, Ohio, alichukua familia yake na jirani yake na binti wa jirani wakaenda kuangalia mpira wa kikapu, Cavaliers na Celtics. Watu sita jumla. Walikwenda kwa jeti yake, Citation CJ4, kwa gari ni safari ya saa mbili na ushee tu. Mechi ikaisha, wakarudi uwanja wa Burke Lakefront ambao uko pembezoni kabisa mwa Ziwa Erie, na karibu saa 5 usiku wakaruka kuelekea ziwani, giza, theluji nyepesi inadondoka, mbele hakuna taa hata moja. Baba wa watu alikuwa hajalala kwa muda wa karibu saa 17. Kibali cha kurusha CJ4 peke yake alikipata mwezi uleule wa Desemba, kabla ya hapo alizoea Mustang.

Ndege ilidumu hewani kama dakika moja. Aliruhusiwa apande mpaka futi 2,000, jeti ile ina nguvu, ikapitiliza mpaka karibu futi 3,000 kabla hajakaa sawa. Wachunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, walisema alidhani autopailoti, ule mtambo wa kuishikia ndege usukani, imeshika kumbe haikushika, na sababu mojawapo ni kwamba vitufe na kioo cha kuonyesha mlalo wa ndege kwenye CJ4 havifanani na vya Mustang aliyoizoea, mkono ulikwenda kwa mazoea ya ndege ya zamani. Ndege ikalala upande, pua ikashuka, ile sauti ya mashine ikaanza kumwonya, imelala sana, unashuka kwa kasi, vuta juu, vuta juu, na yeye hakuitikia inavyotakiwa maana mwili wake ulikuwa unamwambia kitu tofauti kabisa. Wakaingia ziwani wote sita.

Mimi hapa nasimama kidogo kwa sababu watu wakisoma wanasema ah, uzembe. Sio uzembe. Huyu alikwenda shule, akafaulu, ndege ilikuwa nzima, hakuwa mlevi. Tatizo ni kwamba kazi ya kuangalia kama autopailoti imeshika kweli ni kazi ya sekunde mbili ya mtu wa pili, anaangalia kioo anasema haijashika hiyo, basi, imeisha. Na kabla ya hapo kuna kazi nyingine ambayo haihitaji hata leseni, ya kumwambia bwana umechoka, Cleveland hoteli zimejaa tele, tulale. Ila nani angesema? Mke ambaye ameshazoea kumwamini? Jirani aliyealikwa bure akapewa na lifti ya jeti? Mgeni hamwambii mwenyeji wake kwamba hawezi.

Kuhusu ule mwili kudanganya naomba nieleze maana wengi hawalijui hili. Ndani ya sikio kuna majimaji ndo yanayotuambia tumesimama au tumelala. Ukiwa huoni ardhi wala upeo, kwenye wingu au gizani juu ya maji, ndege ikigeuka taratibu yale majimaji yanatulia, unahisi uko sawasawa kabisa kumbe umelala upande. Na jeti ikiongeza kasi kwa nguvu ule msukumo wa kukubandika kwenye kiti unahisiwa kama pua imeinuka sana, rubani anaisukuma chini kuirekebisha, anaisukuma kuelekea ardhini akiamini anajiokoa. Ndicho NTSB walichosema kuhusu ajali ya Mei 29, 2021 kule Smyrna, Tennessee, Citation 501 iliyoua watu saba, akiwemo Joe Lara, yule aliyeigiza Tarzan kwenye televisheni, na mke wake Gwen Shamblin aliyekuwa kiongozi wa kanisa. Iliingia kwenye mawingu baada tu ya kuruka na ikaishia kwenye ziwa Percy Priest. Dawa yake inajulikana miaka yote, amini saa za mbele usiamini mwili, lakini kuziamini saa hizo wakati kila mshipa wako unabisha ni kazi nzito sana kwa mtu mmoja, na mwenzako aliye pembeni ambaye macho yake hayajatoka kwenye saa ana nafasi ya kusema pua iko chini, vuta.

Ndege ya aina hiyohiyo, Citation 501, ndo iliyomuua Thurman Munson, kapteni wa timu ya besiboli ya New York Yankees, tarehe 2 Agosti 1979 pale Akron-Canton. Alinunua ndege ili awe anawahi nyumbani kwa mkewe na watoto siku za mapumziko, nia njema kabisa. Hakuwa amemaliza hata miaka miwili tangu aanze kujifunza urubani, na ndani ya muda huo akawa amepanda kutoka ndege za pistoni mpaka jeti, na jeti yenyewe alikuwa nayo kwa wiki chache tu. Alikuwa anafanya mazoezi ya kutua, spidi ikashuka mno, mabawa madogo ya kutulia hayakuteremshwa, ndege ikagonga chini kabla ya kufika njia ya kutulia. Wenzake wawili walinusurika, yeye moto ukamkuta ndani. Miaka 40 na zaidi imepita na hadithi ni ileile, pesa inampandisha mtu ngazi haraka kuliko saa za kuruka zinavyoweza kumfuata.

Ajali ya Maryland, hukohuko Marekani, ndo inaniumiza kuliko zote. Desemba 8, 2014, Phenom 100 inakuja kutua Gaithersburg, asubuhi, baridi, mawingu yana barafu. Ndani ni watu watatu, mwenye ndege ndo anarusha. Mwaka 2010 alishapata ajali kwenye uwanja huohuo na ndege yake nyingine. Kwenye Phenom kuna swichi ya kuondoa barafu kwenye mbawa na mkia. Ukiiwasha, kompyuta ya ndege inajua kuna barafu na inaanza kukuonya mapema zaidi kwamba spidi imepungua, na wewe inabidi uje na spidi kubwa zaidi na unahitaji njia ndefu zaidi ya kutulia. Hakuiwasha. Akaja na spidi ya siku kavu ilhali mbawa zina barafu, onyo likaja wakati hakuna tena urefu wa kujiokoa, ndege ikakosa hewa ya kuibeba ikaangukia kwenye nyumba za watu. Wote watatu ndani ya ndege walikufa. Na kwenye nyumba moja mama alikuwa na mtoto mdogo na kichanga, moto uliwakuta ghorofani, wote watatu wakafa. Walikuwa kwao. Hawakupanda ndege ya mtu, hawakuomba lifti, hawakukubali hatari yoyote.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ni ndege yake na maisha yake mwache, mkumbushe nyumba hiyo.

Swichi moja, jamani. Ndege yenye marubani wawili ile karatasi ya ukaguzi inasomwa kwa sauti, mmoja anauliza barafu, mwingine anajibu imewashwa au haijawashwa, lazima jibu litoke mdomoni. Aliye peke yake anajiuliza na kujijibu kimoyomoyo, na akiwa na haraka anajijibu kabla hajajiuliza. NTSB baada ya ajali ile walipendekeza jeti hizi za rubani mmoja ziwe na mfumo wa kumwonya rubani kwamba sasa washa ya barafu, na ukilifikiria pendekezo hilo vizuri ni kama vile wanaomba mashine ifanye kazi ya mtu wa kiti cha kulia.

Na hewa. Futi 35,000 ndege ikivuja hewa ya ndani una kama nusu dakika mpaka dakika moja ya akili timamu, baada ya hapo bado macho yako wazi lakini huna uwezo wa kufanya la maana, na wala husikii maumivu, wengi wanajisikia vizuri tu. Ndo maana sheria ya Marekani inasema juu ya futi 35,000 rubani aliye peke yake lazima awe amevaa maski ya oksijeni muda wote, ila wakiwa wawili na kila mmoja ana maski ya kuvaa haraka wanaweza kukaa bila kuvaa mpaka futi 41,000. Sheria yenyewe inakiri kwamba mmoja sio sawa na wawili! Maski ile inabana, inakausha koo, huwezi kupiga stori na mkeo, na kwenye jeti ya mwenyewe hakuna wa kukukagua kama umeivaa.

Septemba 4, 2022 Citation ya mwaka 1979 iliondoka Jerez, Hispania, kwenda Cologne, mwenye ndege anarusha mwenyewe, watu wanne. Mawasiliano yakakatika, ndege ikapita Ujerumani yote moja kwa moja, ndege za kivita zikatumwa kuiangalia, marubani wake hawakuona mtu kwenye usukani, mpaka mafuta yakaisha ikaanguka baharini karibu na Latvia. Mwaka uliofuata, Juni 2023, nyingine ikapita juu kabisa ya Washington kwenye futi 34,000, ndege za kivita za F-16 zikaifukuza mpaka watu mjini wakasikia mshindo, rubani mmoja, wa kuajiriwa huyu, hakujibu redio, ikaanguka milimani Virginia na watu wanne akiwemo mtoto mdogo. NTSB walisema rubani alipoteza uwezo kwa kukosa hewa, na kwamba ndege iliruka ikiwa na kasoro za oksijeni zilizokuwa zinajulikana.

Nitakuwa sijatenda haki nisiposema kwamba wawili nao hufa. Mcheza gofu Payne Stewart, Oktoba 1999, jeti yao, Learjet, ilikuwa na marubani wawili na ilikosa hewa vilevile ikaruka yenyewe mpaka South Dakota. Mtu wa pili sio hirizi. Na teknolojia nayo imesogea, tangu 2020 Vision Jet ina kitufe chekundu ambacho abiria yeyote akikibonyeza ndege inachagua uwanja, inaongea yenyewe na mnara kwa redio, inatua na kuzima injini, na Desemba 2025 kule Colorado mfumo wa namna hiyo uliishusha King Air, ndege ya pangaboi mbili, iliyopoteza hewa, ikiwa ni mara ya kwanza kwenye dharura ya kweli. Nimefurahi sana kusoma ile. Lakini kitufe hicho kiko zaidi kwenye ndege mpya za mamilioni ya dola, na wanaonunua jeti ya kwanza wengi wananunua zile Citation za zamani ambazo bei yake inaweza kuwa chini ya ndege mpya ya pistoni. Na kitufe hakiulizi umelala saa ngapi. Kinasubiri mambo yaharibike kwanza.

Hata hawa wa bima wanaotaka mwenye jeti mpya aruke kwanza na rubani mzoefu pembeni mpaka afikishe saa fulani, nawaheshimu, ila siku saa hizo zikitimia mzoefu anashuka, kiti kinabaki kitupu au anakaa rafiki mwenye simu anapiga picha za mawingu. Mimi ningetaka mzoefu yule abaki kwa zile safari za hatari hata baada ya miaka, usiku, ukungu, barafu, na ningetaka kuwe na kikomo cha saa za kukaa macho kwa yeyote anayebeba abiria kwenye jeti, awe analipwa au halipwi. Mshahara wa siku moja wa rubani wa pili ukiuweka pembeni ya mafuta inayokunywa jeti hauumizi mfuko wa mtu aliyeweza kuinunua.

Mei 22, 2025, San Diego. Citation nyingine, ya 1985, mwenye ndege ni wakala wa wanamuziki, ndani wako sita. Walitoka upande wa New York usiku, wakatua Wichita kujaza mafuta, wakaendelea, wakafika San Diego kwenye saa 10 kasoro alfajiri na ukungu umekaa chini. Kwa mujibu wa ripoti ya awali mashine ya hali ya hewa ya uwanja aliokuwa anakwenda ilikuwa mbovu, taa za kumwongoza kwenye mstari wa kutulia hazifanyi kazi. Mwongoza ndege akampa hali ya hewa ya Miramar, kambi ya jeshi ya jirani, ukungu mzito, rubani mwenyewe akakiri sio nzuri ila akasema atajaribu, ikishindikana aende kwingine. Akagonga nyaya za umeme kama maili mbili kabla ya uwanja, ndege ikaangukia mtaa wa nyumba za wanajeshi, na wote sita wakafa.

Kila nikisoma ripoti ile akili yangu haiendi kwenye nyaya wala kwenye ukungu, inarudi Wichita. Ndege imesimama chini, injini zimezimwa, mafuta yanaingia, ni usiku wa manane na bado kuna safari ya saa tatu hivi mbele. Pale ndo palihitajika mtu mmoja mwenye haki ya kusema, kaka, tulale hapa, ukungu ukiondoka kesho tunaendelea.